Benchi la Kusubiria Mashine

Bi Sijaona aliaga siku arobaini. Alipanda basi la Mwanza na ndoo ya tangawizi na pilipili manga iliyosagwa, aende akamkande binti yao Kauthar aliyekuwa amejifungua, arobaini ikiisha arudi zake Singida kwa mumewe. Mtoto aliyezaliwa sasa anahesabu mpaka mia, anafungua simu ya mama yake bila kuambiwa namba ya siri, amekwisha kumtukana jirani kwa Kisukuma, na bibi bado yuko kulekule anamkanda mzazi. Mumewe, Kombo, hajawahi kumwuliza anarudi lini. Mwanaume wa miaka hamsini na tisa anaulizaje jambo kama hilo? Ataonekana ana njaa.

Tena ukoo wenyewe una historia. Babu yake Kombo alitoka Pangani kuja Singida kununua ngozi, safari ya wiki tatu. Akamwona binti wa Kinyaturu mmoja, akaagiza nguo zake ziletwe, na kaburi lake liko hapahapa mpaka leo. Kwa hiyo mtu wa nyumba hii akisema "nakwenda mara moja," wenye akili humlilia palepale stendi.

Sijaona aliondoka akaiacha nyumba imevaa. Alikuwa mfumaji asiyeona kitu kiko uchi akanyamaza. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni kitambaa, friji ilijifunika kichwa kama mke wa shehe, na makochi usiseme. Dukani nako hakukusalimika. Kompyuta ya Kombo, lile boksi lake linalokaa chini ya meza, alilifumia gauni zima la nyuzi za rangi ya maziwa, bitana ya satini ya waridi, marinda chini. Na kwa kuwa vumbi la Singida hupenya hata mahali ambapo dua haipenyi, alilishona likiwa mwilini, nyuma na mbele, akaacha tundu la kidole cha kuwashia na upenyo wa kuchomeka flashi. Wateja walisifu. Asubuhi, kabla hajaiwasha, Kombo alikuwa na mazoea ya kuyanyoosha yale marinda kwa kiganja. Hakuna aliyemwona, na mimi sikusema.

Duka lake la steshenari liko Utemini, kati ya kinyozi na fundi cherehani, na hapo ndipo penye uonevu. Kinyozi anamshika mtu kichwa nusu saa nzima, anaambiwa mpaka ndoto. Fundi cherehani anampima mtu kiuno, anajua nani amenenepa na kwa sababu gani. Mtoa kopi anapewa karatasi na mtu anayetazama saa. Kombo aliweza kuhudumia watu thelathini kwa siku, akarudi nyumbani akiwa amesema sentensi mbili tu tangu alfajiri, kila moja mara thelathini: "Pande zote mbili?" na "Kalamu usiondoke nayo." Nyumbani alipasha wali wa jana, akala mbele ya televisheni iliyovaa kitambaa kilichofunika matokeo ya mpira, na hakukinyanyua. Nani angemwuliza nani kafunga?

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa sita, wakati alizeti zinaingia kutoka mashambani na upepo umeshaanza ujeuri wake, Kombo alirudi kutoka kuswali adhuhuri akaikuta mashine aliyoizima haikuzimika. Kioo chote kilikuwa cha buluu, katikati kuna duara linazunguka, na maneno ya heshima: inajiapdeti, tafadhali usiizime. Ilifika asilimia ishirini na saba ikatulia hapo kama mgeni aliyesikia chakula kinakaribia kuiva. Ilimaliza karibu na magharibi.

Kesho yake ilikuwa mzee. Ukibonyeza herufi, ulikuwa na muda wa kupiga chafya, kujiombea rehema na kupangusa pua kabla haijatokea. Ukifungua barua ya mtu, ilifunguka kwa awamu, kichwa kwanza, saini baadaye.

Kombo alifanya yote anayoyajua mtu aliyesoma kompyuta kwa miezi mitatu zamani zile panya wa mashine alipokuwa bado na mpira tumboni. Aliizima akaiwasha mara nne. Alifuta picha za harusi za watu ambao ndoa zao zilikwisha kuvunjika, maana ziko hapo kwa faida ya nani? Aliondoa programu tatu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe kila asubuhi, mojawapo ikimpa hali ya hewa ya mji ambao hakuwahi kuusikia. Akaigeuza ielekee upande wa kibla. Haikubadilika.

Na alizidisha wema. Tangu zamani alikuwa na desturi yake: adhana ikilia, mashine inazimwa. Si dini iliyomwambia. Aliona tu si adabu mtu kwenda kusujudu akaacha chombo chake kinahangaika peke yake. Sasa alipoiona inachoka, akaizima hata saa nne wakati wa chai, akachomoa na waya ukutani ili ipumzike vizuri.

Wa kwanza kukwama alikuwa Antipasi. Huyu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Itigi, alipunga bendera na kugeuza njia za treni miaka thelathini na mbili, na sasa anakaa Utemini kwa mwanawe, nyumba yenye watu saba na simu tisa. Alikuja na barua ya kuchapwa, ya kumshitakia Baba Paroko kwamba kengele ya kanisa inapigwa ikiwa imechelewa dakika saba.

"Saba, Kombo. Siyo sita. Nina saa."

"Shikamoo kwanza, kaka."

"Marahaba. Treni ikichelewa dakika saba unajua inakutana na nini?"

"Kengele inakutana na nini?"

"Ndiyo hiyo barua, andika."

Kombo aliandika. Mpaka "Tumsifu Yesu Kristo" inamalizika kutokea kwenye kioo, Antipasi alikuwa amekwisha simulia ajali mbili na mkuu wa stesheni mmoja aliyekuwa na wake kwenye kila kituo, na ratiba yao hakuikosea hata siku moja. Kombo alicheka mpaka akakohoa. Alishtuka kusikia kicheko chake dukani. Kilikuwa na kutu.

Kesho yake alileta benchi kutoka barazani kwake. Alijiambia ni kwa ajili ya wateja wenye magoti. Siku ya tatu akaleta chupa ya chai. Siku ya tano alipita sokoni akanunua viazi vitamu, akavichemsha nyumbani, akavileta vimefungwa kwenye taulo. Mtu akija kutoa kopi, ambayo nayo lazima ipitie kwenye kompyuta, Kombo humwambia kwa huzuni kubwa, "Mashine imechelewa kidogo, kaa." Na mtu anakaa. Atafanyaje? Karatasi yake iko mezani. Akikaa anaona viazi. Akila viazi anaulizwa wa wapi. Akisema wa Misigiri anaulizwa alizeti mwaka huu zimekuwaje. Na akianza kueleza alizeti, mtu wa Misigiri hatoki hapo kabla ya saa sita.

Wiki ya pili Antipasi alikuwa na mahali pake kwenye benchi, upande wa ukuta. Barua yake ilikuwa bado haijafika ukurasa wa pili. Kila siku aliongeza jambo, na mtu aliyekuwa anamshitakia padri dakika saba alikaa saa tatu akisubiri aya moja bila kuitazama saa hata mara moja.

Kombo alianza kunyoa kila siku.

Lakini kwa ajili ya sura, maana watu walishaanza kusema "mzee, tafuta fundi," alimwita fundi. Flora, mama wa makamo mwenye kibanda cha simu na kompyuta karibu na soko, alikuja Jumanne asubuhi na begi lake, akaamkia, akavuta kiti, akafungua ule ukurasa unaoonyesha nani anakula nguvu za mashine. Akatazama. Kisha akainama chini ya meza, akaweka mkono juu ya gauni, akautoa haraka.

"Baba, hiki kitu kinaumwa homa."

"Ni kizee."

"Siyo kizee, kimevalishwa sweta. Nyuma huku kuna feni, inatakiwa itoe joto. Joto linatokea wapi? Mashine ikiona inaungua inapunguza mwendo yenyewe, isife. Na unaizima mara ngapi kwa siku?"

Kombo akahesabu kimoyomoyo, swala na chai. "Mara tano. Sita."

Flora alimtazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyemeza dawa ya kupaka. "Baba yangu. Ikishajiapdeti inabaki na kazi ya ndani. Inapanga mafaili yake upya, taratibu, wakati wewe huitumii. Ni mtu aliyehamia nyumba mpya: kila akishika boksi afungue, wewe unamtoa nje na kufunga mlango. Akirudi anaanza moja. Ivue hiyo nguo, ipanguse vumbi, iache inawaka usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi utaikuta kijana. Niivue sasa hivi?"

Alikwisha toa mkasi.

"Acha!" Kombo alisema, kwa sauti iliyomfanya hata Antipasi ageuke. Akailainisha. "Acha, nitaivua mwenyewe. Ni ya mama yake Kauthar."

Flora akarudisha mkasi, akanywa chai, akala viazi viwili, akaondoka.

Hivyo kuanzia Jumanne Kombo alijua. Tuliandike hili wazi, tusimfiche. Alijua dawa, ilikuwa ya bure, ilihitaji mkasi na usiku mmoja. Jioni ile alisimama mbele ya mashine, akalitazama benchi, akatazama ile sahani yenye maganda ya viazi vya watu watano. Adhana ya magharibi ikalia. Akaizima, akachomoa waya, akanyoosha marinda.

Jumatano akaja Febronia.

Febronia alitoka Unyambwa kwa baiskeli, mwanamke wa miaka arobaini na moja, bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mkoba. Alikuwa mhudumu wa usafi katika zahanati kwa miaka kumi na minne. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaonyesha manesi wapya mahali pa kila kitu, kisha anachukua dekio. Sasa kuna chuo kilichokuwa kinapokea maombi ya uuguzi, na cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kinatosha, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Mwakani asingeweza, chuo kilikuwa kimetangaza kwamba mwisho wa umri ni miaka arobaini na moja.

"Shikamooni," alisema, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeazimwa.

Fomu ya chuo ilikuwa na kurasa sita, na kila ukurasa ulikuwa na subira ya dakika ishirini. Ukichelewa, unaandikiwa muda wako umekwisha, anza upya. Jumatano walianza upya mara nne. Antipasi alijitahidi kumchangamsha.

"Nesi, nikija kwako na presha utanidunga wapi?"

"Mdomoni, baba," Febronia alisema, na benchi zima likaangua kicheko, na Kombo akacheka kuliko wote, huku kile kiduara kikizunguka nyuma yake, na ukurasa wa tatu ukafa.

Alhamisi alirudi. Alikuwa amebeba chakula, ugali na mlenda kwenye kopo, maana alikwisha jifunza. Walifika ukurasa wa tano. Muda ukaisha. Safari hii Febronia hakucheka na mtu. Alifunga kopo lake bila kula, akasogea karibu na meza, akanong'ona ili asimwaibishe mwenye duka mbele ya watu.

"Baba Kauthar, nakuomba uniambie ukweli. Mashine hii itaweza? Nimeona mjini kuna wale vijana wana mashine mpya. Sikutaka kwenda, maana wewe umenipokea vizuri, umenipa na chai. Nikikuacha sasa utaniona sina shukrani?"

Kombo aliitazama chupa ya chai. Mwanamke huyu alikuwa anachoma mwaka wake wa mwisho kwa kuogopa kumvunjia heshima. Angeweza kumwambia nenda mjini. Lakini ilikuwa saa kumi na moja, wale vijana walikuwa wanafunga, na karatasi zake zote zilikuwa ndani ya tumbo la mashine hii, zimefichwa na namba ya siri ambayo wote wawili waliiandika kwenye kiganja na kuinawa, na sasa mashine peke yake ndiyo iliyoikumbuka.

"Kesho njoo saa tatu," alisema. "Itaweza."

"Kweli?"

"Njoo saa tatu."

Walipoondoka wote, alirudisha mlango nusu. Jua lilikuwa bado lipo. Aliivuta mashine kutoka chini ya meza, akapiga magoti, akachukua wembe wa kukatia karatasi. Sijaona alikuwa ameshona kwa nyuzi mbilimbili, mishono midogo iliyobana kama kauli zake. Kombo aliikata mmoja baada ya mwingine, polepole, asiguse kitambaa. Gauni lilipotoka, ndani satini ya waridi ilikuwa imeungua ikawa kahawia mahali feni ilipokuwa ikipumulia, umbo la sahani ya kikombe. Miaka yote hiyo mashine imekuwa ikipiga kelele ndani ya nguo na yeye anainyoosha marinda.

Nyuma, vumbi lilikuwa limejijengea ukuta. Alilitoa kwa brashi yake ya kunyolea. Alipiga chafya kumi na moja na hakuna aliyesema kitu baada ya hata moja. Akaiwasha. Adhana ililia, aliiacha inawaka. Akatoka, akafunga mlango, akasimama nje akiisikiliza feni inavuma ndani peke yake. Akaenda kuswali, na shetani akamkumbusha mashine katika kila rakaa.

Ijumaa Febronia alifika saa mbili na nusu. Alikuwa na ugali, maji lita mbili, na mto mdogo wa kukalia. Antipasi alikuwa keshafika, na chai imemiminwa. Alikaa, akapanga vitu vyake kando ya benchi kama mtu anayehamia.

"Haya," Kombo alisema, akabonyeza.

Ukurasa wa kwanza ulifunguka kabla hajaondoa kidole. Wa pili. Wa tatu, ule uliokuwa kaburi. Cheti kikapanda. Picha ikapanda. Antipasi aliacha kutafuna. Kwenye ukurasa wa sita Kombo alimwambia Febronia abonyeze mwenyewe, naye akabonyeza kwa kidole kimoja, amefumba macho, na alipoyafumbua kulikuwa na maandishi ya kijani: maombi yako yamepokelewa. Dakika tisa, kwa saa ya Antipasi.

Febronia alisema jambo kwa Kinyaturu, si kwa yeyote aliyekuwepo. Kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga, akamshika Kombo mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Mungu akubariki, baba. Mashine yako nzuri. Nitawaambia wote kazini."

"Kunywa basi chai."

"Zamu yangu saa nne. Nikikanyaga baiskeli nawahi!"

Akakusanya maji, ugali na mto. Akakumbuka adabu, akachukua kiazi kimoja, akatoka nacho mkononi. Kengele ya baiskeli ilisikika mara mbili mpaka kwenye kona.

Antipasi alikohoa. "Imepona."

"Imepona."

"Hongera." Alijipangusa vidole. "Basi, na barua yangu."

Kombo aliifungua. Ikaja yote, kurasa mbili na nusu, akaichapa, karatasi zikatoka zikiwa na joto. Antipasi alisimama nazo mlangoni, anazisoma, au anazishika. Nje watu watatu walikwisha panga foleni, na wote walikuwa na haraka. Mwanaume wa umri wake hakai bure kwenye duka la mwenzake. Watu watauliza huyu kafuata nini, hana kwake? Kinyozi jirani ana mdomo.

"Sasa kesho nikija," alisema bila kugeuka, "nije na nini?"

Kombo alikuwa anapokea karatasi ya mtu wa kwanza. Aliwaza. "Kitambulisho chako umeshatoa kopi?"

"Nilitoa."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Hiyo imezeeka."

Antipasi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa taarifa rasmi, akaenda zake.

Jumamosi mashine ilikuwa moto wa kifuu. Mpaka saa nne Kombo alikuwa amehudumia watu ishirini na wawili na hakujua hata mmoja ni wa wapi. Wote walimsifu. Mmoja alimwita injinia. Alichemsha viazi kwa mazoea, na vilikuwa vimepoa ndani ya taulo.

Saa tano Antipasi aliingia. Alikuwa amevaa koti. Alitoa kitambulisho kwenye mfuko wa ndani, akakiweka juu ya meza, akaenda kukaa upande wake wa ukuta. Kombo alikipangusa kwa shati, akakilaza kwenye kioo cha mashine ya kopi, akafunika, akabonyeza.

Sekunde sita. Karatasi ikatoka, ikalala kwenye trei.

Wakaitazama wote wawili.

"Toa na nyuma," Antipasi alisema.